Nani Aliifunga Shafti ya Kushoto

Mwanaidi mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, ingawa za leo zilikuwa za kutimiza wajibu tu. Uliniamkia shikamoo huku unaangalia ndoo ya maji, nami nikakuitikia marahaba huku natafuta kandambili nilizokuwa nimezivaa. Basi nazirudia hapa kwa kalamu, na safari hii nakuangalia machoni. Mimi ni mzima, ila kuna neno nimelizuia siku mbili hizi na leo nalitoa.

Nakuandikia ndani ya pikapu, hapa hapa uani. Nimepandisha vioo vyote na joto la humu linatosha kuivisha maandazi, lakini nje yupo Mama Neema, na unamjua mpangaji wetu yule: nikikaa kibarazani na kalamu, atakuja na kigoda chake aniulize naandika nini na namwandikia nani. Wewe uko Kigamboni kumuaga bibi yako. Ukishavuka pale Magogoni najua hakuachii mpaka ule chakula cha watu wanne, kwa hiyo nina alasiri nzima peke yangu.

Sitakuandikia habari za kufunga begi wala za kula kwa wakati. Sitakuambia uswali, nilikufundisha, ukiacha utakuwa umeacha mwenyewe. Sitakuambia pia ujihadhari na wanaume wa migodini, maana hilo Ba'mkubwa wako Athumani amelisema mara nyingi kiasi kwamba hao wanaume wenyewe huko Geita lazima wameshapaliwa.

Nataka tuzungumze juu ya ile fomu ya mgodini. Tangu juzi iko kwangu, sijaisaini, na wewe umeacha kuongea na mimi. Unadhani nimegeuka. Unadhani shemeji yangu amenipata, na mimi sasa nasema mtoto wa kike wa Kariakoo, mtoto wa nyumba ya watu wa dini, haendi kutengeneza malori ya mgodi. Mwanaidi, nisikilize. Athumani hajanipata tangu nilipoolewa katika ukoo wao, na hatanipata leo nina mvi. Kesho asubuhi unaondoka, na mimi ndiye nitakayekupeleka stendi kwa pikapu hii hii. Atakayetaka kuzuia aje ajilaze mbele ya tairi.

Sijasaini kwa sababu ya ulichoandika mle ndani. Nitafika hapo. Kwanza lazima nirudi nyuma miaka mitatu, kwenye ile shafti ya kushoto. Kisa chake umenisikia nikikisimulia mara nyingi mno, na kila mara ulinyamaza. Leo nakisimulia kama kilivyokuwa.

Baba yako Bakari, Mungu amrehemu, alikuwa mwangalifu kwa kila kitu isipokuwa muda. Pikapu hii inavuta kwa tairi za mbele, na kila tairi la mbele linazungushwa na shafti yake inayotoka kwenye giaboksi. Moja ikikatika, injini italia utakavyo lakini gari haliendi hata hatua. Ile ya kushoto ilimkatikia katikati mara ya kwanza usiku wa kuamkia Idi, na samaki wa watu walikuwa wanamsubiri Feri. Unaijua desturi ya maduka ya spea ya Gerezani: dukani huendi na maneno, unakwenda na kifaa kibovu mkononi. Muuzaji anakwambia lete sampo, analinganisha, anakupa mfano wake. Bakari kwa haraka yake akabeba kipande kimoja tu, cha upande wa giaboksi. Meno yakalingana, muuzaji akasema hii inaingia, na kweli iliingia. Urefu hakuna aliyeupima, maana kipande kimoja hakina urefu wa kupima. Nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika taa, nikamsifu.

Ikafanya kazi karibu miaka minne. Halafu ile mvua kubwa, akapita Jangwani maji yakiwa yameanza kupanda, tairi la kushoto likazama kwenye shimo, na hapo hapo shafti ikachomoka na kuvunjika. Vijana wakalisukuma gari hadi barabara kavu, jirani mmoja akalivuta kwa kamba mpaka hapa uani. Baba yako aliingia ndani amelowa na homa juu. Figo zake zilikuwa zimeshaanza kumsumbua kabla ya hapo, hilo unalijua. Hakuinuka tena kwenda kuliangalia gari lake. Wiki ya tatu tukamzika.

Nikakaa eda. Siku ya arobaini, baada ya hitima, shemeji Athumani akaomba kusema neno. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Angekuja na makelele ningejua pa kumshika. Alisema pikapu inaoza uani, amempata mnunuzi, atakuja naye Jumapili. Alisema pia wewe, kwa kuwa ulikuwa umemaliza kidato cha nne na umekaa tu, uende ukakae kwake na binti zake mpaka upate mtu wa maana. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ana sehemu yake katika mirathi ya ndugu yake, sikatai. Lakini lile gari ndilo lililokuwa likitulisha, na wewe ndiye uliyebaki katika nyumba hii. Jumapili moja alitaka aondoke na vyote viwili.

Nikamwambia mbele ya wazee wote kwamba Jumapili pikapu ikitembea yenyewe, haiuzwi na mtoto haendi popote. Isipotembea, achukue. Akacheka, akakubali. Wewe ulikuwa umeshika sinia la vikombe, ukaniangalia kama mtu anayemwona mama yake akipanda juu ya paa.

Fundi wa mtaa alikataa kuja. Alisema mjane yuko ndani ya eda, yeye aje kulala chini ya gari uani kwake, watu watasemaje. Basi tukaamua tutalifanya wenyewe. Shangazi zako waliposikia walipiga simu kwa zamu, na wote niliwajibu kitu kimoja: mambo ya eda nimefundishwa, naambiwa nisijipambe na nisitoke nyumbani bila dharura, sikusikia pahali popote panapotajwa jeki. Hapo sikukosea na sitajuta. Hilo ukilisimulia huko uendako, lisimulie kwa sauti.

Lakini nikisimulia mimi, huwa naruka kutoka hapo hadi Jumapili. Tuangalie palipo katikati.

Jumatano tulifungua tairi. Ile nati kubwa ya katikati ilitukatalia mpaka nikatia bomba la chuma kwenye mpini wa spana, nikapanda juu na kuruka, nguo za eda na kila kitu. Ilipolegea nilianguka kwa makalio, na Mama Neema akacheka mpaka akakaa chini. Tulipoichomoa shafti sikukumbuka kuweka kitu cha kukinga. Mafuta ya giaboksi yakatiririka hadi kwenye majiko ya wapangaji, nikadakia na beseni lao la kufulia. Sikulalamika. Nilikuwa na furaha ambayo mjane wa siku arobaini hapaswi kuwa nayo, nikajua nitaificha.

Alhamisi ulikaa na ile shafti mapajani muda mrefu unaifuta kwa kitambaa. Ukaniita. Ukanionyesha kile kikombe cha chuma cha upande wa ndani, kile ambamo kichwa cha shafti huwa kinateleza kwenda na kurudi tairi likipanda na kushuka. Ukasema alama za kusugua zilipaswa kuwa katikati ya kikombe, lakini hizi ziko mdomoni kabisa. Ukasema hii ilikuwa inaning'inia ukingoni muda wote. "Mama, hii siyo saizi yake. Ni fupi. Tukienda nayo kama sampo watatupa fupi nyingine."

Ulikuwa na miaka kumi na minane. Hakuna aliyekufundisha. Uliona tu.

Na mimi nikakujibu, "Baba yako ana siku arobaini kaburini, na wewe ushaanza kumkosoa."

Nilikunyang'anya shafti mkononi. Sikukupiga, lakini nilivyoyaona macho yako, ningekupiga ingekuwa nafuu. Kilichoniuma si kwamba umekosea. Niliielewa maana yake mara moja. Kama shafti ile ilikuwa fupi, basi Bakari alikosea, na mimi nilisimama na taa nikimsifu, na Jangwani alikwama kwenye maji yale kwa sababu ya kosa tulilolishangilia sisi wawili. Sikuweza kulibeba hilo wiki ile. Nikakutwisha wewe.

Nikakutuma Gerezani na sampo. Ukaenda, hukubisha, ukarudi na nyingine ya urefu ule ule. Ijumaa alasiri tukaifunga. Nikakaa kwenye usukani, wapangaji wote wamejipanga ukutani, nikawasha, nikaingiza gia ya nyuma. Gari likarudi hatua tatu, likakanyaga lile bonde la mfereji, na shafti ikachomoka kwa kishindo. Grisi ikaruka hadi kwenye kamba ya nguo. Hapo, mbele ya watu wote, nilitoka nikasema ni wewe hukuisukuma mpaka mwisho. Nilijua siyo. Nilisema hivyo kwa sababu watu walikuwa wanatazama na ilibidi awepo mtu wa kulaumiwa ambaye si mimi.

Halafu nikafanya ambalo sijawahi kulisimulia kabisa. Nilikusanya spana zote za baba yako, nikazifungia ndani ya kabati la nguo, nikaweka ufunguo kifuani. Nikakuambia basi, limeisha, Athumani achukue gari lake, na wewe jiandae kuhamia kwake. Ndiyo, mwanangu. Mimi ninayesifiwa mtaa mzima kwa ubishi, nilisalimu amri siku ya Ijumaa kabla jua halijazama.

Jumamosi nilikaa chumbani sikutoka. Nilisikia geti, nikajua umetoka. Baadaye nikasikia jeki. Nikachungulia dirishani. Ulikuwa umeazima spana kwa dereva wa bajaji wa nyumba ya pili, na ulikuwa umeupandisha kwa jeki mkono wa chini wa tairi la kushoto mpaka ukalingana na kimo cha upande wa kulia, kana kwamba gari limesimama kwa miguu yake. Ukalala chini na uzi wa kushonea magunia. Ukaupitisha kutoka tundu la giaboksi hadi kwenye habu, pale tairi linapofungwa, ukafunga fundo, ukavuta, ukapima tena, ukafunga fundo la pili. Nilifungua dirisha nikakwambia unapoteza muda, ingia ndani. Ulisema, "Nakuja, mama." Ukauviringisha uzi kidoleni, ukaondoka.

Yaliyotokea dukani sikuyajua mpaka eda ilipoisha na mimi mwenyewe nikaenda Gerezani kununua raba za breki. Muuzaji akanisimulia. Alisema alikuja binti na uzi, akamwambia lete sampo, binti akasema sampo ndiyo iliyotuponza. Wateja wote wakacheka, mmoja akamuuliza kama amekuja kupimiwa gauni. Alisema hukununa wala hukuondoka. Ulianza kuzichambua shafti moja moja kwenye lundo pale sakafuni, kwanza unahesabu meno, halafu unanyoosha uzi, mpaka ukapata ya kumi na kitu iliyokaa baina ya mafundo mawili. Akaniambia, "Mama, yule binti akitaka kazi mlete hapa." Nikamjibu nitamwambia. Sikukwambia.

Uliifunga peke yako jioni ile na Jumapili asubuhi. Mimi nilitoka chumbani ulipokuwa unarudisha tairi. Nilikusaidia kukaza nati. Huo ndio mchango wangu, Mwanaidi. Nati za tairi, na hata hizo ulizipitia tena nyuma yangu.

Athumani alikuja na mnunuzi wake saa nne. Nikapanda, nikawasha, nikaingiza gia, gari likaenda mbele taratibu, likapita bonde la mfereji kama halipo, nikalisimamisha tairi za mbele zikiwa pale pale kwenye kizingiti cha geti. Sikutoka nje hata unyayo. Nikashusha kioo. Mnunuzi akainama akaangalia chini, akainuka akauliza nani katengeneza.

Nikasema, "Mimi."

Wewe ulikuwa umesimama karibu na taa ya kulia, grisi imekupanda mpaka kwenye viwiko. Ulichukua kitambaa ukaanza kujifuta.

Ningeweza kukwambia nilisema vile kwa ajili yako, kwamba Athumani angesema huo ni mchezo wa watoto, shafti itakatika kabla ya Jumatano. Kwa muda mrefu nilijiambia hivyo mwenyewe. Si kweli. Nilisema kwa sababu neno lile lilikuwa tamu. Kwa siku arobaini watu walikuwa wananiita maskini Zuhura, na ghafla mwanamume mgeni ananiangalia kwa hofu kidogo. Nikalitaka lile jicho. Na nililipata. Mtaani wakaanza kuniita Mama Shafti. Nikashika usukani wa pikapu hii, nikabeba barafu na samaki kutoka Feri, na madalali wa pale ambao hawamwachii mtu nafasi, waliniachia mimi.

Hilo la kuendesha ni langu. Nililifanya mwenyewe kila alfajiri miaka mitatu, nikalipia chuo chako cha ufundi, na simwachii mtu. Lakini uzi haukuwa wangu. Unakumbuka kitchen party ya binti wa Mama Neema, waliponiita mbele nimpe nasaha bibi harusi? Nikasimama na kipaza sauti nikasema, nilichukua uzi, nikafunga mafundo. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Wewe ulikuwa unagawa soda. Uliweka moja mbele yangu, ukaifungua, ukaendelea na meza inayofuata.

Sasa fomu. Wewe mwenyewe ulinieleza: wanaofika wote mgodini wanajaza, waeleze kazi moja kubwa ya ufundi waliyoifanya nje ya chuo, na aliyeshuhudia asaini. Wenye kazi ya maana wanaanzia kwenye magari. Wengine wanaanzia stoo, kuosha spea na kupanga matairi mwaka mzima. Juzi nilifungua nisaini, nikakuta umeandika kwa mwandiko wako mzuri: "Nilimsaidia mama yangu kubadilisha shafti ya mbele ya pikapu."

Mwanaidi. Nilimsaidia mama yangu.

Nilikaa kwenye mkeka nikausoma tena mstari ule. Uko tayari kuosha vyuma vya watu mwaka mzima ili uongo wangu usimame. Nimejiuliza ni heshima, au ni huruma, au umenisikia nikisimulia mara nyingi mpaka na wewe umeamini. Lolote kati ya hayo ni mimi niliyelifanya, na nilishikwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Ndiyo maana sikusaini. Ulipouliza jana nikasema niache kwanza, ukafikiri ni Athumani.

Leo asubuhi ulipoondoka nilikwenda dukani kwake. Ana wateja, anapima kitambaa cha pazia. Sikusubiri amalize. Nikamwambia, shemeji, nimekuja kukuambia kwamba mimi nilizifungia spana kabatini, na ile shafti Mwanaidi ndiye aliyeitengeneza, mwanzo hadi mwisho, na mimi nilikudanganya. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu yangu yote.

Akaendelea kupima. Akasema, "Nilijua siku ile ile. Wewe kucha zako zilikuwa safi."

Miaka mitatu, mwanangu. Alijua, akaninyamazia kwa sababu nilikuwa mjane wa ndugu yake, na hakutaka kunivunjia heshima mbele ya mgeni. Mimi nimemsema vibaya yule mtu kwenye kila baraza. Halafu akaweka mkasi chini, akaniambia kitu ambacho nakiandika kama alivyokisema, maana unastahili kukijua. "Kama mama yake mzazi aliichukua kazi ya mikono yake, tena uani kwao, huko kwa wageni watamwachia nini? Hicho ndicho ninachokihofia mimi. Si wanaume."

Mimi, Zuhura, nikashika njia ya kutoka katikati ya mapazia yake. Jibu nililipata nimeshafika mlangoni, nikageuka nikamwambia hawatamwachia kitu, atadai, na akidai karatasi itakuwa upande wake. Akatikisa kichwa. Sijui kama amekubali. Amesema kesho atakuja kukuombea dua kabla hujapanda gari, na hatajilaza mbele ya tairi.

Basi nikuambie lililo moyoni halafu nimalize, maana humu nimeshalowa jasho na Mama Neema amepita mara ya tatu kuanua nguo zile zile. Watu watakuja kukwambia uwe kama mama yako. Watakupa mimi kama sampo. Usinibebe. Mimi nilikuwa mke wa mtu aliyekosea kwa haraka, nikawa mjane aliyekosea kwa kiburi. Kiburi ninacho bado na nakipenda, kimetulisha. Lakini wewe kipimo chako kiko mikononi mwako, na nilikiona kwa macho yangu kupitia dirishani nikakifungia dirisha. Mtu akisimama huko akasema "mimi" juu ya kazi uliyoifanya wewe, usijifute grisi ukanyamaza. Sema papo hapo. Awe bosi, awe mzee, awe mcha Mungu wa kupindukia. Hata awe mama yako.

Samahani, Mwanaidi. Sikuwahi kukuambia neno hilo kwa jambo lolote tangu nikuzae, na nimegundua linaandikika.

Fomu nimeijaza sehemu yangu. Utaikuta ndani ya bahasha hii hii, pamoja na barua. Sehemu yako sijaigusa, si haki yangu. Kalamu ninayo, nitakuachia juu ya kitanda, ukate mstari ule uandike upya kama ilivyokuwa. Sehemu ya shahidi ilikuwa na mistari miwili tu, nikaitumia yote. Wakisoma wakashangaa ni mama gani huyu, waache washangae. Nimeandika jina langu lote, nikasaini, na nimeandika hivi:

"Nilikuwepo. Alitengeneza yeye peke yake. Mimi nilimzuia."

Mama yako,
Zuhura